Je, Matukio Mawili Hutegemeana?

Tuseme wewe uko Mbeya na rafiki yako yuko Iringa, na kila mmoja anarusha sarafu yake juu. Yako ikianguka upande wa kichwa, je, habari hiyo yakusaidia kubashiri ya rafiki yako? Hata kidogo. Uwezekano wake wa kupata kichwa ulikuwa nusu, na bado ni nusu. Matukio ya namna hii huitwa huru, maana moja halitegemei jingine.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chukua matukio mawili, A na B. Kwanza tafuta uwezekano wa B kwa jumla. Kisha tafuta uwezekano wa B ukihesabu zile mara tu ambazo A limetokea. Huo wa pili ni uwezekano wenye sharti. Majibu yakiwa sawa, matukio ni huru, yakihitilafiana, yanategemeana.

Hesabu hii si ya mtihani tu. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza habari za watoto 290 wa Kiganda waliopimwa damu huko Uganda. Watoto 43 walikuwa na alama ya selimundu, yaani walioirithi kwa mzazi mmoja. Vijidudu vya malaria vilionekana katika watoto 125, na kati yao 12 tu walikuwa wenye alama hiyo.

Haya, na tupime. Uwezekano wa mtoto yeyote kuwa na vijidudu ni 125 kwa 290, yaani asilimia 43. Kwa wale wenye alama ni 12 kwa 43, yaani asilimia 28. Majibu si sawa! Kama matukio yangekuwa huru, tungetazamia watoto 18 au 19 wenye alama na vijidudu pamoja, wala si 12. Ni kweli kwamba bahati nayo huleta tofauti. Lakini tofauti kubwa kama hii ingeletwa na bahati pungufu ya mara 5 katika 100. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba alama hiyo humkinga mtoto asizidiwe na malaria. Hata hivyo wale 12 watukumbushe kuwa chandarua ni cha wote. Na mtoto anayerithi selimundu kwa wazazi wote wawili hupatwa na ugonjwa mzito.

Yafaa tujihadhari na jambo moja: kutegemeana si kusababishana. Mvua za Mbeya na za Iringa hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, na katikati ya mwaka ni kiangazi pande zote mbili. Basi ukihesabu siku za mwaka mzima, habari ya kwamba Mbeya kumenyesha huongeza uwezekano wa mvua Iringa. Je, mvua ya Mbeya ndiyo iletayo ya Iringa? La, zote mbili hufuata majira. Atakaye kupima vema na alinganishe siku za mwezi mmoja tu, kama Januari.

Mwenye rafiki Iringa na aandikiane naye kila siku ya mvua, kisha wapige hesabu wenyewe. Daftari na kalamu vyatosha.