Njaa ya mche huanzia kwenye kiriba

Mvua zikishika Nambis na kata jirani za Mbulu, miche hutoka vitaluni kwa wingi: grivilea, misindano, mikaratusi, miparachichi. Kiangazi kikipita, mkulima huzunguka shambani kuona iliyosalia. Iliyokufa hulaumiwa jua, mchwa au mbuzi. Wote hao wana makosa yao, lakini mara nyingi mche ulikwisha kudhoofika kabla haujatoka kitaluni. Ulikuwa na njaa, na mwenye kitalu hakuiona kwa sababu majani yalikuwa ya kijani.

Virutubisho vitatu ndivyo vinavyotakiwa kwa wingi. Naitrojeni hujenga majani. Fosforasi husukuma mizizi. Potasiamu huusaidia mmea kutunza maji. Kitalu kinachomwagiwa naitrojeni nyingi, iwe ya urea au ya samadi mbichi, hutoa miche mirefu, laini na yenye kuvutia macho, lakini mizizi yake ni michache. Mche wa namna hiyo ukipandwa unakuwa na majani mengi ya kunywesha na mizizi isiyofika penye unyevu. Kwa hiyo anayenunua miche asitazame urefu peke yake. Achague yenye shina nene na gumu, isiyolegea ikiguswa.

Fosforasi ndiyo mtihani mkubwa wa nyanda za juu za Mbulu. Udongo wake mwingi umetokana na miamba ya kale sana, na mvua za karne nyingi zimeusuuza hadi ukawa na tindikali. Katika udongo mwekundu wa aina hiyo, chuma na alumini huishika fosforasi, mizizi ikashindwa kuichukua hata pale inapokuwepo. Ukishuka Hanang hali inabadilika. Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, ni volkano iliyozimika, na udongo wa miteremko yake ni wa majivu na miamba ya volkano. Chini zaidi, kando ya Ziwa Balangida, kuna maeneo ya magadi. Ushauri mmoja wa mbolea hauwezi kufaa sehemu zote hizo.

Bahati nzuri, dawa ya fosforasi iko ndani ya mkoa huohuo wa Manyara. Minjingu, wilayani Babati, karibu na Ziwa Manyara, kuna fosfati iliyotokana na mabaki ya ndege na samaki wa enzi ambazo ziwa lilikuwa kubwa kuliko sasa. Imekuwa ikichimbwa tangu 1983, na ina fosforasi ya takriban asilimia 13. Unga wake huyeyuka polepole, tena huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Ndiyo maana unaufaa udongo mwekundu wa Mbulu kuliko ardhi ya magadi, ambako utakaa bila kuyeyuka. Njia nzuri ni kuuchanganya na samadi wakati wa kuivundika, ili mboji itoke ikiwa na fosforasi tayari.

Samadi si somo jipya huku. Wairaqw wa Kainam na maeneo ya jirani wanajulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe karibu na nyumba na kurudisha samadi shambani. Kinachotakiwa kitaluni ni subira, maana samadi isiyoiva huunguza mizizi na kukaribisha ugonjwa unaolaza miche michanga. Mchanganyiko unaotumika sana kujaza viriba, yaani mifuko ya miche, ni sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za mboji iliyoiva na moja ya mchanga. Majani ya alizeti pori, inayoota kandokando ya njia, nayo ni mbolea. Yakikauka yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya asilimia 4 hivi, kama vipimo vilivyofanywa magharibi mwa Kenya vilivyoonyesha.

Tahadhari moja inahusu majivu ya jikoni. Yana potasiamu na chokaa, na yanaisaidia miti mingi yakiwa kidogo. Lakini misindano hupenda tindikali. Ukiimwagia majivu mengi, majani yake machanga hugeuka manjano kwa kukosa chuma.

Misindano ina sharti lingine pia. Mizizi yake huishi pamoja na kuvu wa mikoriza, ambao nyuzi zake hufika mbali kuliko mzizi wenyewe na kuuletea fosforasi. Nchi kadhaa za tropiki zilizoleta mbegu za misindano bila kuvu hao ziliona miche ikidumaa na kugeuka manjano, hadi ulipoletwa udongo kutoka kwenye mashamba ya misindano. Kitalu kipya kichanganye sehemu moja kwa kumi ya udongo uliochotwa chini ya misindano iliyokomaa. Mvinje na miti ya jamii ya kunde nayo ina bakteria wake wa kunasa naitrojeni ya hewani, na udongo wa chini ya miti mizazi huwaleta. Chota kwenye mashamba ya miti ya watu au ya kijiji. Msitu wa Nou ni hifadhi na chanzo cha maji, usichimbwe.

Mche ukishatua shambani, adui wa kwanza wa lishe yake ni nyasi, kwa kuwa mizizi ya nyasi huwahi maji na mbolea. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mbolea inayowekwa bila palizi hulisha nyasi.

Matawi yakishakutana, msitu huanza kujilisha. Majani yanayoanguka huoza na kurudisha virutubisho, na mti wenyewe huhamisha naitrojeni, fosforasi na potasiamu kutoka majani makuukuu kwenda machanga. Anayefagia majani yote msituni kwa ajili ya zizi anaunyang'anya msitu chakula chake.

Uhamisho huo ndio ufunguo wa kusoma dalili. Majani ya chini yakianza kuwa manjano, shuku naitrojeni. Yakiwa na rangi ya zambarau, shuku fosforasi. Kilele kikikauka wakati wa kiangazi huku mti ukiwa hai, hasa mkaratusi au msindano, shuku boroni, ambayo haihami kirahisi. Tatizo hilo lilielezwa Zambia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dawa yake ni kiasi kidogo cha boraksi kwa mti, na ikizidi ni sumu. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa, pima udongo au majani. Kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho chenye jukumu la utafiti wa udongo nchini, na afisa misitu wa wilaya anaweza kukuelekeza.

Kabla ya msimu ujao, chukua mche mmoja kitaluni, chana kiriba, uoshe mizizi. Ikiwa imejiviringa chini au ni michache, rekebisha mchanganyiko na upunguze naitrojeni sasa, maana kosa la kiriba halisahihishwi kwa mbolea ya shambani.