Waya mmoja wa studio unavyoweza kuila fedha ya viazi ya kwaya

Kwa kwaya ya Matamba, wilayani Makete, kurekodi albamu ni mradi unaopangwa kama msimu wa kilimo. Fedha huchangwa kidogo kidogo, mara nyingi baada ya viazi mviringo au pareto kuuzwa, kisha wanakwaya hushuka kona za mlimani hadi Chimala, wakashika barabara kuu ya Tanzam kwenda kutafuta studio Makambako au Njombe mjini. Ukijumlisha nauli ya watu ishirini, chakula, malazi na malipo ya studio, fedha ya kurudia kazi huwa haipo.

Hapo ndipo kasoro ndogo ya stirio inapogeuka hasara kubwa. Wimbo unasikika safi ndani ya hedifoni za studio, kila mtu anapiga makofi, lakini ukifika kijijini na kuchezwa kwenye simu au redio ndogo, kinanda kinasikika peke yake na waimbaji wamepotea. Kasoro nyingine, iliyo nyepesi kidogo, ni sauti kutoka upande wa kushoto tu huku kulia kukiwa kimya.

Chanzo cha yote mawili ni namna stirio inavyofanya kazi. Mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliyeombea hataza mfumo huo mwaka 1931, alitaka masikio mawili yapate sauti mbili zinazotofautiana kidogo, ili msikilizaji ajue nani yuko kushoto na nani kulia. Kompyuta nayo hurekodi njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Lakini simu yenye spika moja na redio ndogo ya betri hazina pa kuziweka njia mbili, hivyo huzijumlisha kuwa moja. Sabufa pia, ingawa ina spika mbili ndogo pembeni, hujumlisha besi za pande zote katika spika yake kubwa.

Tuanze na sauti ya upande mmoja. Mafundi wengi hukimbilia kununua kadi mpya ya sauti, wakati mara nyingi kosa liko kwenye pini ya waya. Pini yenye pete moja nyeusi ni ya mono, hubeba njia moja tu. Yenye pete mbili hubeba kushoto na kulia. Ukichomeka ya pete moja kwenye tundu la stirio, kushoto kutapata sauti na kulia kutakufa. Aidha, kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja linalotumiwa na hedifoni pamoja na maikrofoni, na upande wake wa maikrofoni ni mono. Hata programu ikipangwa kurekodi stirio, tundu hilo haliwezi kutoa njia ya pili. Dawa yake ni kifaa cha nje cha kurekodia kinachounganishwa kwa USB.

Kifaa hicho nacho kina mtego wake. Maikrofoni ya tundu la kwanza huenda kushoto, na ya tundu la pili kulia. Fundi mwenye maikrofoni moja akiacha programu kwenye njia mbili, atapata sauti ya kushoto pekee. Hilo halihitaji kurudia kuimba. Kwenye Audacity, programu ya bure inayopatikana tangu mwaka 2000, amri iitwayo Split Stereo to Mono huzitenganisha njia mbili. Futa iliyo kimya, na iliyobaki itasikika katikati.

Sauti inayotoweka kwenye simu ni tatizo zito zaidi, kwa sababu studio haioni dalili. Mikisa kubwa hutoa sauti kwa waya wenye ncha tatu. Ncha moja ni ya ardhi, ya pili hubeba sauti, na ya tatu hubeba sauti ileile ikiwa imegeuzwa juu chini, ili kuua kelele zinazoingia kwenye waya mrefu. Fundi akiunga waya huo na pini ndogo ya stirio kwenda kwenye kompyuta, ncha ya pili inakuwa kushoto na ya tatu kulia. Ndani ya hedifoni kila sikio linapata sehemu yake, ila sauti huonekana kama inatoka pembeni bila kuwa na katikati. Kwenye simu ya spika moja njia hizo hujumlishwa, na hapo ni kama watu wawili wanaousukuma mlango mmoja kwa nguvu sawa, kila mmoja upande wake. Mlango hausogei. Kama waimbaji walirekodiwa hivyo na kinanda kikarekodiwa sawasawa, kinanda ndicho kitakachobaki.

Kasoro hiyo nayo inatibika. Tenganisha njia mbili, chagua moja, tumia amri ya Invert kuigeuza, kisha ziunganishe tena.

Isiyotibika ni ile ya maikrofoni mbili zilizosimamishwa ovyo mbele ya kwaya. Mwimbaji akiwa karibu na maikrofoni moja kuliko nyingine kwa sentimeta 34, sauti yake huchelewa kufika kwenye ya pili kwa karibu elfu moja ya sekunde. Muda huo ni mdogo, lakini njia zikijumlishwa hukata sauti za karibu hezi 500, 1,500 na 2,500, na humo ndimo sauti ya binadamu inamoishi. Wimbo unabaki kama umeimbwa ndani ya mtungi, na hakuna programu itakayourudisha ulivyokuwa. Njia salama ni kuziweka vichwa maikrofoni hizo mbili mahali pamoja, moja juu ya nyingine, zikitazama pande tofauti kwa nyuzi 90. Sauti hufika kote kwa wakati mmoja.

Kwa mwalimu wa kwaya asiyejua kompyuta, kipimo ni rahisi. Baada ya wimbo wa kwanza tu, kabla kwaya haijaendelea na wa pili, mwombe fundi auweke kwenye simu yenye spika moja na kuucheza bila hedifoni. Simu mpya zenye spika mbili zinaweza kuficha kasoro, kwa hiyo ile ya bei nafuu ndiyo bora kwa kazi hii. Kwenye Audacity fundi anaweza pia kujumlisha njia mbili kuwa mono, akasikiliza, kisha akabatilisha.

Malipo nayo yapangwe kwa mtindo huo: sehemu ya mwisho itolewe baada ya kipimo, wala si siku ya kwanza. Kwaya idai pia sauti ghafi za kila mwimbaji na kila chombo, kabla ya kuchanganywa. Nyimbo nane za dakika tano, kila moja ikiwa na njia 12 za mono kwa kiwango cha CD, huchukua takriban gigabaiti 2.5, na hata flashi ndogo inazibeba. Wakiwa nazo, kasoro ikigundulika Matamba, atakayepanda gari kurudi studio ni mtu mmoja na flashi yake.