Ashiki, Mahaba na Ndoa: Tumwiteje Mhusika Asiye na Ashiki?

Baadhi ya riwaya za mapenzi zinazochapishwa Ulaya na Marekani miaka hii zinaye mhusika anayempa mfasiri wa Kiswahili taabu: mtu apendaye na kupendwa, lakini asiyeona hamu ya kujamiiana na mtu yeyote. Ndivyo alivyo Alice katika riwaya ya Claire Kann, Let's Talk About Love (2018). Anaachwa na mpenzi wake kwa sababu ya hali hiyo, kisha anapenda tena.

Maneno tuliyo nayo hayamfai. Mseja ni asiyeoa au asiyeolewa. Mtawa amejinyima kwa ajili ya dini. Hanithi aweza kuwa na hamu, ila mwili haumtii. Kusema "asiye na jinsia" nako kwapotosha, kwani jinsia ni hali ya kuwa mwanamume au mwanamke, na Alice ni mwanamke. Kosa hapa si dogo. Hanithi ni tusi, na msomaji mwenye hali kama ya Alice atajiona ameitwa mgonjwa.

Huenda wengine wakasema kwamba katika mila zetu ndoa na ashiki havitenganiki. Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti wanatuonyesha vingine. Katika nyumba ntobhu, mwanamke mwenye umri, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe akamwoa mwanamke mwenziwe. Wawili hao hawajamiiani; mke huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa wa nyumba ya aliyetoa mahari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo utaratibu huu uko nje yake. Hata hivyo, tunapoueleza kwa Kiswahili hatuna budi kusema kuoa, mke na mahari. Lakini mfasiri asiazime jina hilo kwa ajili ya Alice: nyumba ntobhu hutaja mpango wa nyumba na urithi, wala haisemi lolote juu ya hamu za wanawake wenyewe.

Tunapendekeza basi "asiye na ashiki" kwa mtu, na "kutokuwa na ashiki" kwa hali yake. Ashiki ibaki hamu ya kujamiiana. Mahaba, upendo wa wapenzi. Ndoa, kifungo cha unyumba. Mwalimu na aipime istilahi hii darasani kwa sentensi moja: "Alice hana ashiki, bali ana mahaba." Wanafunzi wakiielewa bila maelezo zaidi, istilahi imefaa.