Shaaban Robert na Khayyam aliyepitia Uingereza

KIGALI. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba anayezama katika vitabu vya Kiingereza amekipa Kiswahili kisogo.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, anawakanusha. Alikuwa karani wa forodha, hakufika chuo kikuu. Ushahidi kwamba alisoma ushairi wa Kiingereza, na kuusoma kwa makini, umo katika kitabu chake Omar Khayyam kwa Kiswahili, kilichotoka 1952.

Khayyam alikuwa Mwajemi wa Nishapur, mwanahisabati na mtaalamu wa nyota, aliyefariki 1131. Mtu angetazamia mshairi wa pwani amfikie kwa njia ya bahari, kama yalivyotufikia maneno ya Kiajemi "bandari" na "bustani". Sivyo. Alimpata kwa Edward FitzGerald, Mwingereza aliyechapisha tafsiri yake mjini London mwaka 1859.

Na FitzGerald hakuwa mfasiri mtiifu! Pengine alichukua beti mbili za Kiajemi akazifanya moja. Katika miswada mingi ya Kiajemi beti hizo hupangwa kwa kufuata herufi ya mwisho ya kina, na kila ubeti unajitegemea. Yeye alizishona zikawa kama siku moja, alfajiri hadi usiku. Mshono huo ni wake, si wa Khayyam. Kwa hiyo Shaaban alikuwa akifasiri shairi la Kiingereza la karne ya 19, ingawa jaladani limeandikwa jina la Mwajemi.

Je, hilo linampunguzia hadhi? Sioni. Mwislamu huyu alichagua kazi inayosifu mvinyo na kuhoji majaaliwa, akawapa wasomaji waliolelewa na mawaidha ya tenzi. Hakuna aliyemtuhumu kuikimbia lugha yake.

Mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Shaaban, Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwa Julius Caezar.

Kwa wanafunzi wa Rwanda, ambao serikali iliamua mwaka 2008 wafundishwe kwa Kiingereza, nafasi ipo wazi. FitzGerald hana tena hakimiliki. Mwalimu wa Kiswahili akimweka mezani kando ya Shaaban, darasa litaona lenyewe mistari ilikopita.