Kuganda si Kukubali: Sayansi ya Kiwewe na Wajibu wa Vyuo Vyetu

Mwanafunzi aliyebakwa akijikaza na kusimulia, mara nyingi swali humfikia kabla ya pole: "Mbona hukupiga kelele?" Huulizwa na mwenzake wa chumbani, na askari wa zamu, hata na mzazi. Wanaouliza hudhani kwamba aliyenyamaza aliridhia. Sayansi ya ubongo inasema vingine, na kila anayehudumu kwenye dawati la jinsia la chuo anapaswa kuijua.

Mwaka 2017, mtafiti Anna Möller na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm, Uswidi. Asilimia 70 walikuwa wameganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Asilimia 48 waliganda kupita kiasi. Misuli ilikaza, sauti ikakauka, wakashindwa hata kumsukuma mshambuliaji. Hali hiyo huonekana pia kwa wanyama wengi wanaponaswa na mwindaji. Ni kinga ya mwili inayojiwasha yenyewe pale ambapo kukimbia na kupigana vimeshindikana, na hakuna anayeichagua.

Wanawake 189 kati yao walipimwa tena baada ya miezi sita. Walioganda walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuugua kiwewe, na zaidi ya mara tatu wa kupata sonona kali. Kwa hiyo yule anayelaumiwa zaidi kwa kutopiga kelele ndiye hasa anayehitaji msaada wa haraka.

Kinachotokea darasani

Amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayotambua hatari, inaweza kuendelea kutoa tahadhari muda mrefu baada ya hatari kupita. Mwanafunzi aliyebakwa anachagua kiti cha karibu na mlango ili aone kila anayeingia. Usiku analala kwa vipande vipande. Maktabani anasoma aya moja mara tano bila kushika kitu, kwa sababu ubongo unaolinda uhai hauna nafasi ya kutunza fomula. Harufu ya manukato fulani kwenye korido inamrudisha kwenye tukio kana kwamba linatendeka sasa. Mwisho wa semista anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, wengine wanadisko kabisa, yaani wanaondolewa chuoni, na mhadhiri anamwona mvivu tu. Wavulana hupitia haya pia, na wengi wao hawamwambii yeyote.

Hata hivyo, dalili za mwanzo hazimaanishi kwamba mtu ameharibika moja kwa moja. Barbara Rothbaum na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1992 nchini Marekani, waliwafuatilia wanawake 95 waliobakwa. Takribani wiki mbili baada ya tukio, asilimia 94 walikuwa na dalili za kiwewe. Baada ya miezi mitatu walibaki asilimia 47. Wengi walikuwa wamepata nafuu, lakini karibu nusu walikuwa bado wanateseka, na hao hawatibiwi kwa kuambiwa wasahau.

Mnasihi wa kwanza ni mwenzako

Hosteli ndiko siri hizi husemwa mara nyingi, kabla ya ofisi yoyote. Utafiti wa Sarah Ullman wa Chicago umeonyesha mara kwa mara kwamba manusura wanaopokewa kwa lawama au kutoaminiwa huwa na dalili kali zaidi. Shirika la Afya Duniani halishauri kumlazimisha mtu asimulie kila kitu siku za mwanzo. Linashauri umsikilize bila kumshinikiza, umuulize anahitaji nini, umwonyeshe kwamba unamwamini, uhakikishe usalama wake, kisha umuunganishe na huduma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufanya yote hayo. Ajue pia kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28.

Kwa wale ambao kiwewe kimeota mizizi, tiba ipo. Patricia Resick wa Marekani alibuni tiba inayomsaidia manusura kuchunguza mawazo yanayomfunga, kama "ni kosa langu" au "nilistahili", na kuyapima kwa ushahidi hadi yalegee. Mwaka 2013, Judith Bass na wenzake walichapisha matokeo ya tiba hiyo mashariki mwa Kongo, katika vijiji 15 vya Kivu na maeneo ya jirani. Waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongomani wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Katika kundi lililopata tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walishuka kutoka asilimia 71 hadi 10, na miezi sita baadaye walikuwa asilimia 9. Waliopata ushauri wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walitoka asilimia 83 hadi 42 katika muda huohuo. Kama tiba hii imewezekana kwenye vijiji vilivyozungukwa na vita, chuo kikuu hakiwezi kujitetea kwamba hakina wataalamu wa kutosha.

Chuo kinapoumiza mara ya pili

Carly Smith na Jennifer Freyd waliwahoji wanafunzi wanawake 345 wa chuo kikuu kimoja Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Manusura waliosema kwamba chuo au taasisi yao iliwaangusha, kwa kupuuza au kufunika mambo, walikuwa na wasiwasi na dalili za kiwewe nyingi zaidi. Hapa kwetu, Tanzania ilitambua rushwa ya ngono, kama mhadhiri kudai ngono ili atoe alama, kuwa kosa katika sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, lakini sheria haimsaidii mwanafunzi anayeogopa kwamba malalamiko yake yatasomwa na rafiki wa mhadhiri aliyemdhulumu.

Serikali za wanafunzi zina pa kuanzia. Waulizeni viongozi wa chuo: dawati la jinsia linapatikana vipi baada ya saa tisa na nusu alasiri? Manusura anaweza kuahirisha mtihani bila kusimulia yaliyompata katika ofisi tano? Na kati yake na mtuhumiwa, nani anayehamishwa darasa? Majibu yaandikwe, yabandikwe kila hosteli, na mwaka unaofuata yakaguliwe kama yalitekelezwa.