Umeokota sarafu ya zamani ufukweni? Usiisugue!

Maji yamekupwa, umeokota sarafu yenye kutu ya kijani. Usiisugue kwa mchanga wala limao: ukifuta maandishi, umefuta na thamani yake.

Ioshe kwa maji baridi tu, kisha angalia alama.

• Mizani na mwaka ١٢٩٩: ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, 1882.
• Taji na neno "Heller": ya Mjerumani, 1904 hadi 1916.
• Tundu katikati na "East Africa": ya Mwingereza. Zipo kibao, bei yake ndogo.

Ni ya shaba, ndogo, ina Kiarabu bila mwaka? Huenda ni ya masultani wa Kilwa. Hiyo usiuze. Tanzania Bara, sheria ya 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Piga picha, kumbuka mahali, toa taarifa serikalini.