Nyayo za Meli Zisomwe Embakasi

Mwanafunzi wa Donholm au Kayole ambaye hajawahi kuona bahari huenda akadhani kwamba habari za meli hazimhusu. Lakini hapo Embakasi ndipo ilipo bandari ya nchi kavu, iliyofunguliwa mwaka wa 1984, ambako makasha yaliyoteremshwa Kilindini hufikishwa kwa garimoshi. Yasikitisha basi kwamba somo la biashara ya kimataifa aghalabu huishia katika kukariri majina ya bandari.

Tangu mwisho wa 2004, kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, meli yenye ukubwa wa tani 300 au zaidi inayosafiri baina ya nchi na nchi sharti iwe na chombo cha redio kinachotangaza jina lake, mahali ilipo, mwendo na uelekeo wake. Ikiwa safarini hutangaza kila baada ya sekunde chache. Ikitia nanga, kila baada ya dakika 3. Mitambo ya pwani na setilaiti hunasa matangazo hayo, na yakikusanywa kwa miaka, nukta hizo huwa njia zinazoonekana wazi kama mapito ya ng'ombe machungani.

Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Linganisha ramani ya 2023 na ya 2024: mstari wa Suez umekonda, takribani nusu ya meli hazipo, na ule wa Rasi ya Tumaini Jema umenenepa. Mwuza mitumba wa Gikomba ambaye marobota yake hutoka Uingereza alikuwa na haki ya kulalamika. Je, mwenye duka aliyepandisha bei ya sufuria za China kwa kisingizio hicho hicho? Meli itokayo China kuja Mombasa haina haja ya kupita huko. Hukata Bahari ya Hindi. Hata hivyo tusimhukumu upesi, kwani safari ndefu za kuizunguka Afrika zilimeza meli nyingi, nauli ikapanda hata katika njia ambazo hazikuguswa. Jambo hilo ramani peke yake haingemwambia mwanafunzi.

Tena, jahazi la Lamu na ngalawa ya mvuvi wa Vanga hazilazimiki kuwa na chombo hicho, na nahodha anayehofia maharamia anaruhusiwa kukizima. Mwanafunzi aonaye pengo kwenye ramani akaandika "hapakuwa na chombo" amekosea.

Walimu wa Jiografia na Hisabati waanze na kazi ndogo. Ramani za meli za sasa hutazamwa bure katika intaneti, na simu moja ya mwalimu yatosha. Wanafunzi wahesabu kila Ijumaa meli zilizotia nanga nje ya Kilindini, waandike daftarini, wachore grafu. Kumbukumbu za miaka iliyopita aghalabu huuzwa ghali, na shule za Eastlands hazina fedha hizo. Ndiyo sababu daftari hilo lifunguliwe muhula huu.